Cheti cha Ufundi ni Dhamana, Kipimwe na Asiyekitoa

Mkulima wa Kibosho, Marangu au Machame hapangi mwenyewe daraja la kahawa yake. Akishaichuma, kuimenya na kuianika, huipeleka katika chama chake cha msingi, nayo huteremshwa Moshi mjini kukobolewa. Huko punje huchambuliwa kwa ukubwa, zikapewa daraja la AA, A, B au PB, kisha kahawa ikaonjwa na waonjaji ambao si wenye mali. Hukumu yao humwuma mkulima mara nyingine. Hata hivyo huikubali, kwa kuwa anafahamu kwamba bila jicho la mtu wa nje jina la kahawa ya Kilimanjaro lisingekuwa na thamani mbele ya mnunuzi wa mbali.

Lakini mkulima huyo huyo anapotumia fedha za kahawa au za ng'ombe kumlipia mtoto wake karo ya chuo cha ufundi stadi, hana mizani ya namna hiyo. Huona bango kando ya barabara, huona jengo, huambiwa kwamba chuo kimesajiliwa, basi. Baadaye hupokea kijana mwenye cheti. Kama kijana huyo anaweza kweli kutandaza nyaya za umeme katika nyumba bila kuiteketeza, hilo hujulikana mwishoni, na anayelijua kwanza ni mwenye nyumba.

Kwa sababu hiyo, tathmini ya vyuo vya ufundi inayofanywa na watu wa nje si jambo la maofisa na majalada yao peke yao. Cheti ni dhamana ambayo Taifa humpa mwananchi asiyemjua fundi, ili amkabidhi nyumba yake, gari lake na maisha yake.

Fikra hii si ngeni nchini. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilikwisha kuonya juu ya kumpima mwanafunzi kwa mitihani ya kukumbuka mambo tu, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaifunga elimu pamoja na kazi. Mwaka 1994 sheria iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA. Kwa miaka mingi Mamlaka hiyo ilikuwa na vyuo vyake yenyewe, cha Moshi kikiwa kimojawapo, na wakati huo huo ndiyo iliyosajili na kusimamia vyuo vya madhehebu ya dini, vya mashirika na vya watu binafsi. Hapana haja ya kumshuku mtumishi yeyote ili kuona kasoro ya mpango huo. Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivuta kwake.

Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka 2021. Baraza lililoundwa mwaka 1997 kusimamia elimu ya ufundi, NACTE, lilipanuliwa likawa NACTVET na kukabidhiwa usimamizi wa ubora wa mafunzo ya ufundi stadi pia, na VETA ikabaki na kazi yake ya kufundisha. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini kumtenga mkaguzi na mkaguliwa ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni namna ukaguzi wenyewe unavyofanywa.

Ni rahisi mno tathmini kugeuka sherehe. Chuo huarifiwa mapema, kuta hupakwa chokaa, majalada hupangwa na vifaa huazimwa. Mgeni hutazama, husaini kitabu, huondoka. Mwanafunzi aliyegombea mashine moja na wenzake mwaka mzima hakuulizwa neno.

Tathmini ya kweli haina budi kuanzia karakana. Mwanafunzi asimame mbele ya mtahini asiyemfundisha, apewe vipande viwili vya chuma, aviunge, na kiungo hicho kijaribiwe. Kisha imfuate mhitimu kazini: wenye hoteli na kampuni za kupandisha watalii mlimani, kiwanda cha sukari cha TPC na wenye gereji za Moshi waulizwe ni kipi mhitimu anakiweza na ni kipi walilazimika kumfundisha upya. Mwisho, matokeo yabandikwe katika ofisi ya kata, mzazi ayasome kabla ya kulipa karo na si baada yake.

Wapo watakaosema kwamba ukali wa namna hiyo utaviua vyuo vidogo vya mlimani, vile vinavyoendeshwa na parokia na sharika, ambavyo huwapokea vijana waliokosa nafasi kwingine. Hoja hiyo ina uzito. Mizani isiwe ukubwa wa jengo wala urefu wa ukuta, kwani fundi cherehani hodari anaweza kutoka katika chumba kimoja chenye vyerehani vizima na mwalimu anayejua kazi yake. Tena lengo la kupima si kufunga tu. Chuo kilichopungukiwa kielezwe upungufu wake, kipewe muda, na walimu wake wapelekwe kunolewa katika chuo cha walimu wa ufundi stadi kilichopo Morogoro. Lakini huruma kwa chuo isigeuke ukatili kwa mwanafunzi. Kijana aliyepewa cheti bila ujuzi ameibiwa mara mbili, karo yake na miaka yake.

Mizani hiyo iwe moja kwa wote. Chuo cha VETA, vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Msinga na Mamtukuna, chuo cha parokia na chuo cha mfanyabiashara, vyote vipimwe kwa kipimo kimoja. Jambo hili ni la haraka, maana Chama na Serikali vimeazimia kila wilaya iwe na chuo cha ufundi stadi, na mwaka 2023 ujenzi wa vyuo 64 vya ufundi stadi ulikuwa umekwisha kupangwa. Majengo yakiongezeka bila mizani, zitakazoongezeka ni karatasi.

Mwalimu wa ufundi asimwogope mtahini wa nje. Kama kazi yake ni njema, huyo ndiye shahidi wake. Afisa wa elimu naye asiridhike na taarifa nzuri aliyoandikiwa na mwenye chuo. Mkulima wa Kilimanjaro amekubali kwa miaka mingi kwamba kahawa yake ionjwe na mtu mwingine. Ana haki ya kudai kwamba chuo kilichompokea mtoto wake kipimwe kwa uaminifu ule ule.