Dawa si Mafuta

Leo tuna neno na watu wa majumbani, na hasa wenye kile kityubu kidogo kikaacho juu ya kabati la kioo. Kila nyumba yakijua. Mtoto akitoka vipele hupakwa. Mzee akiwashwa mgongo hupakwa. Biharusi akitiwa ndani hupakwa kuliko wote. Jirani akija kuomba chumvi, huondoka na chumvi na kityubu pia. Na ukimwuliza mwenye nyumba hicho ni kitu gani, hukujibu bila kufikiri: "Ah, ni mafuta tu hayo."

Neno hilo ndilo tulilokuja kulipinga leo. Hayo si mafuta. Ni dawa, tena dawa nzito, na aiitaye mafuta ameufungulia mlango msiba ambao huenda asiuone mpaka umekwisha kukaa kitako.

Wala sisemi haya kwa kuwanyoshea wengine kidole, kwani nami nimo. Miaka kadhaa iliyopita waliingia chuoni kwangu watoto watatu wenye choa shingoni na mikononi. Nikamtuma kijana mkubwa dukani, akarudi na tyubu aliyopewa na muuzaji, na mimi mwenyewe, mwalimu wao, nikawapaka kwa mkono wangu. Siku ya tatu mwasho ukaisha na wekundu ukafifia. Nikajiona tabibu. Tulipoacha, choa kikarudi kwa ghadhabu, kikubwa kuliko mwanzo, na ile duara yake ikawa haionekani tena. Nikazidi kupaka. Kwa mtoto mmoja kilitambaa hata kikafika shavuni, karibu na jicho. Mama yake akampeleka hospitali, na daktari akauliza swali moja tu: "Nani aliyempaka kitu hiki?" Yule mama akaona haya kunitaja mwalimu wa mwanawe. Akasema, "Ni mimi." Akakemewa yeye kwa kosa langu. Habari hizo zilinifikia baadaye, na tangu siku hiyo sikupata raha mpaka nimeuliza, nikasoma, nikafahamu ni nini nilichowapaka watoto wa watu.

Basi nilichofahamu ni hiki. Dawa hizi huitwa steroidi. Asili yake ni kuiga kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiweka miilini mwetu, kinachotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo. Wataalamu watatu, Kendall, Hench na Reichstein, walipewa tunzo ya Nobel mwaka 1950 kwa kazi yao juu ya vitu hivyo. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, Sulzberger na Witten, wakaeleza jinsi mmoja wao, hidrokotizoni, unavyotuliza maradhi ya ngozi ukipakwa. Haki na isemwe: hiyo ilikuwa rehema kubwa. Mtoto mwenye pumu ya ngozi, ambaye alikuwa halali usiku kwa kujikuna hata shuka ikaingia damu, alipata usingizi. Sisi hatusemi kuwa dawa hii ni mbaya. Twasema kuwa ina kazi yake, na kazi yake sharti ijulikane.

Kazi yake ni kutuliza. Mwili una walinzi wake, na walinzi hao wakipambana na jambo ndipo ngozi huwa nyekundu, ikavimba na kuwasha. Dawa hii huwaambia walinzi wakae chini. Ikiwa walikuwa wakipigana bila adui, kama ilivyo katika pumu ya ngozi, basi mtu hupona mateso yake. Lakini ikiwa adui yupo kweli, kama fangasi wa choa, dawa haimgusi. Humlaza mlinzi na kumwacha mwizi ndani ya nyumba. Mwaka 1968 madaktari wawili wa Uingereza, Ive na Marks, waliandika habari za choa cha namna hii, kilichobadilika sura kwa kupakwa steroidi hata hakitambulikani, wakakipa jina lenye maana ya choa kilichojificha. Hicho ndicho nilichokipalilia mimi kwenye shavu la mtoto wa watu.

Hapa yafaa tukumbushane jambo ambalo mwalimu wa hesabu angelitaka lifundishwe kila nyumba. Dawa hizi hazilingani nguvu, na namba iliyo juu ya kisanduku huwapoteza wengi. Hidrokotizoni huandikwa asilimia 1, na hiyo ni katika zilizo dhaifu. Klobetasoli huandikwa asilimia 0.05. Mtu aonapo namba ndogo hudhani dawa ni ndogo, kumbe hiyo ya pili ni katika zenye nguvu kuliko zote, na yaizidi ile ya kwanza mara mamia. Klobetasoli mtu mzima haruhusiwi kuitumia zaidi ya wiki mbili mfululizo, wala kupita gramu 50 kwa wiki, tena kwa agizo la daktari. Nasi tunao mabinti walioitumia tangu Ramadhani mpaka Ramadhani, asubuhi na jioni, usoni.

Na madhara yake ni yapi? Kwanza ni ya ngozi yenyewe. Hupungua unene, ikawa kama karatasi ya sigara, mishipa myembamba ikatokeza, na kugongwa kidogo kukaacha alama ya damu. Kidonda huchelewa kufunga. Mapajani, kwapani na tumboni hupasuka michirizi, na michirizi hiyo ikishaingia haitoki kabisa. Usoni hutoka chunusi na vipele kuzunguka mdomo, na mwanamke huweza kuota nywele shavuni. Pili ni ya macho. Apakaye karibu na kope kwa muda mrefu ajihadhari na presha ya macho na mtoto wa jicho, kwani ngozi ya hapo ni nyembamba na hupitisha dawa upesi. Tatu ni ya mwili mzima. Dawa ikipakwa nyingi, mahali papana, kwa muda mrefu, huingia damuni. Zile tezi za juu ya mafigo huona kuwa kazi yao inafanywa na mwingine, nazo zikalala. Sukari huweza kupanda, na presha pia.

Lakini la mtoto mchanga ndilo liniumizalo zaidi. Ngozi yake ni laini, na kwa kulinganisha na uzito wake ni kubwa kuliko yetu. Akipata upele wa winda, mama humpaka tyubu ya nguvu matakoni, kisha akamfunga nepi ya plastiki juu yake. Dawa iliyofunikwa namna hiyo huingia mwilini maradufu. Baada ya majuma, uso wa mtoto hujaa ukawa duara, na jamaa wakasema, "Mashallah, mtoto amenawiri." Kumbe hakunawiri. Amevimba kwa dawa, kimo chake chakawia, na tezi zake zimelala. Akipatwa na homa kali siku hiyo, mwili wake hauna cha kuitikia, na hapo roho yake i hatarini. Mama huyo hakukusudia illa wema, na upele ule pengine ulitaka maji safi, hewa na kubadilishwa winda mapema.

Sasa tuingie kwenye mkorogo, kwani huko ndiko aibu yetu kubwa iliko. Bibi zetu walikuwa na singo na liwa, na harufu ya chumba cha biharusi ilijulikana toka barabarani. Leo biharusi huletewa kikopo kisicho na jina, kilichokorogwa na mtu asiyejua kusoma kisanduku alichokifungua, ndani yake steroidi za nguvu, haidrokwinoni na pengine zebaki, kwa ajili ya kumfanya awe mweupe kwa siku saba. Huo weupe ni wa namna gani? Ni ngozi iliyonyimwa rangi yake, na pamoja nayo kinga yake ya jua. Jua letu halikutoa ruhusa. Akiacha, huwaka uso na kubabuka, akiendelea, huharibika. Hivyo amefungwa, hawezi kwenda wala kurudi. Vipodozi vyenye dawa hizi vimepigwa marufuku Tanzania na Kenya. Huku kwetu Tanzania tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko kwa Shirika la Viwango, na mara kwa mara husikia shehena zimekamatwa zikateketezwa. Lakini hakuna askari awezaye kuingia chumbani kwa biharusi. Wa kuingia humo ni mama, shangazi na somo wake.

Na nyinyi wanaume msijitoe. Ni nani asemaye barazani, "Fulani kaoa mweupe"? Ni nani amwambiaye mkewe, "Mbona umekuwa mweusi siku hizi"? Kurani imetaja tofauti za rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, na sisi twaifanya ishara hiyo kuwa ila ya kuondolewa kwa dawa. Mwanamume atoaye pesa za mkorogo, au afumbaye jicho akijua, ni mshirika.

Watasema wengine: "Mbona fulani anajipaka miaka na hana neno?" Twawajibu: mmemwona uso, hamkumwona mapaja. Ngozi iliyopungua unene hung'ara mwanzo wake, na hapo ndipo penye udanganyifu wenyewe.

Watasema: "Daktari mwenyewe ndiye aliyeniandikia." Ndiyo, alikuandikia wewe, kwa ugonjwa ule, mahali pale, kwa siku kadha wa kadha. Hakukuandikia mwaka mzima, wala hakumwandikia jirani yako na mtoto wa jirani yako.

Watasema: "Hospitali ni mbali, foleni ni refu, na duka li mlangoni." Hili ni neno la kweli, na sisi hatulidharau, kwani twajua nauli na twajua siku ya kazi iliyopotea. Lakini hesabuni tyubu mlizonunua mwaka mzima kwa ugonjwa usiopona. Wala si kila ngozi yataka daktari bingwa. Chuo cha ngozi cha Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kimewasomesha wahudumu wa maradhi ya ngozi ambao leo wametawanyika katika hospitali nyingi. Anzeni kwenye zahanati, mwulize.

Na wewe mwenye duka, ndugu yangu, tuna neno nawe pia. Wanachuoni wetu wa fikihi wamekwisha kueleza kuwa mtu ajitiaye utabibu hali hakuusomea, akamdhuru mtu, dhamana iko juu yake.  Ukimpa mama mwenye mtoto mchanga klobetasoli kwa kuwa ndiyo iendayo sana, faida yako ni ya senti na deni lako ni la Akhera. Sema, "Hii sikuuzii bila cheti." Utapoteza mteja mmoja, utalala usingizi.

Basi tufanye nini? La kwanza, ukiletewa tyubu yoyote soma jina lake la dawa, si jina la kibiashara lililoandikwa kwa herufi kubwa. Ukiona neno clobetasol au neno lianzalo na betametha-, jua umeshika dawa ya nguvu. Asiyejua kusoma amwite mwanawe amsomee. La pili, uliza mambo manne: ni ya ugonjwa gani, ipakwe wapi, kiasi gani, na iachwe siku gani. Kiasi cha dawa kinachotoka kutoka ncha ya kidole mpaka kiungo chake cha kwanza chatosha mahali penye ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. La tatu, usimpake mtoto mchanga wala usipake usoni bila agizo. La nne, usiazime wala usiazimishe.

La tano ni la wale waliokwisha kuzama, na nawaomba walisikilize kwa utulivu. Aliyejipaka kwa miezi au miaka asiitupe leo kwa ghadhabu baada ya kusoma maneno haya. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilionya mwaka 2021 kuwa waliotumia kwa muda mrefu huweza, wakiacha, kupatwa na ngozi nyekundu iwakayo moto, pengine kali kuliko ugonjwa wa mwanzo. Na zile tezi zilizolala zataka kuamshwa polepole. Nenda kwa daktari, na ukifika mwambie kweli yote. Chukua kikopo chako mkononi. Usione haya, daktari hawezi kutibu alichofichwa.

Na kwa upande wa pili, mtoto wako mwenye pumu ya ngozi akiandikiwa dawa hii na mjuzi, mpake kama ulivyoagizwa, wala usimnyime kwa hofu ya maneno yangu. Kumwacha mtoto ajikune mpaka atoke damu nako ni dhuluma.

Nami nilipokwisha kuyajua haya nilikwenda nyumbani kwa yule mama, nikabisha hodi, nikamwomba radhi mbele ya mumewe, na mumewe akajua kuwa kosa halikuwa la mkewe. Mtoto alikuwa amepona kwa dawa ya fangasi aliyopewa hospitali. Alinikaribisha kahawa. Juu ya kabati lao la kioo palikuwa na kitana, kichupa cha wanja na saa, basi.

Wabillahi tawfiq.