Meno ya Ajitapishaye

Wako watu wasemao kuwa binti ajitapishaye baada ya kula ameshikwa na tamaa ya uzuri tu, na dawa yake ni karipio. Neno hilo silikubali. Huo ni ugonjwa. Tabibu Gerald Russell wa London aliueleza na kuupa jina la bulimia mwaka 1979, na wavulana nao huupata.

Tazama kinywa chake. Asidi ya tumboni hupanda na kulowesha meno ya mbele ya juu kwa upande wa ndani, mahali wasipopaona mama wala mwalimu. Gamba la jino, lililo gumu kuliko mfupa, hulainika na kulika. Likiisha kulika halioti tena. Chai ya moto huuma, maji baridi huuma. Tezi za mate nazo huweza kuvimba chini ya masikio, uso ukapanuka, na wajinga husema amenenepa!

Kisha huja amri ya wajuao yote: "Piga mswaki!" Amri mbaya. Mswaki upigwao papo hapo huparuza gamba lililokwisha kulainika. Asukutue kwa maji, angoje kadiri ya saa moja. Na daktari wa meno, ambaye pengine ndiye wa kwanza kuiona siri hii, aulize kwa upole, kisha amwelekeze kwa tabibu wa akili. Akimfokea, binti atafumba kinywa chake, wala hatarudi.