Chukudu ikivunja meza ya mama, mwenye mzigo naye alipe

Wiki hii, kwenye mteremko unaoingia Goma kutoka Kibumba, nimeshuhudia chukudu ikishindwa kusimama. Ilikuwa imejaa mifuko ya viazi na kabichi. Kijana aliruka pembeni, chukudu ikaenda peke yake mpaka kwenye meza ya mama mmoja aliyekimbia vita. Chupa za mafuta zilivunjika, unga ukamwagika juu ya mawe ya volkano. Mama hakuumia, lakini mtaji aliopata kwa likelemba uliishia pale.

Watu wakasema: ni ajali, Mungu amependa. Mimi nakataa. Tusimsingizie Mungu.

Chukudu ni mbao na magurudumu mawili ya mti. Freni yake ni kipande cha mpira wa gari la zamani, karibu na gurudumu la nyuma, ambacho kijana anakanyaga kwa mguu. Mpira huo unasimamisha mzigo wa kadiri. Mzigo ukizidi kiasi kwenye mteremko, tena barabara ikiwa na maji, hauwezi. Kijana analijua hilo. Aliniambia alilipwa kwa safari, si kwa kilo, na alipokataa mifuko ya mwisho, mwenye mzigo alimwambia kuna vijana wengine wanaongoja kazi. Basi akapakia. Alipoanguka, mwenye mzigo alikuja kuokota viazi vyake, akaenda zake.

Wengine wanasema mama ndiye mwenye makosa, ameweka meza karibu na barabara. Aiweke wapi? Shamba lake limebaki nyuma ya mapigano. Wengine wanataka chukudu zifukuzwe mjini. Na kabichi mnazokula zitafika na nini? Familia za vijana hao zitakula wapi?

Dawa ipo, na haina bei kubwa. Ninyi vijana, angalieni mpira wa freni kila asubuhi, ukiisha badilisheni. Mkikaribia soko, shukeni, mwenzenu mmoja ashike kamba nyuma, mtembee polepole. Msishindane mbio penye watoto. Wamama, acheni wazi mahali mteremko unapoishia, hata kama wateja wanapita hapo.

Na wewe mwenye mzigo, wewe ndiye ninayekulenga. Faida ya mifuko ile ilikuwa yako, hasara pia iwe yako. Viongozi wa soko, wakubwa wa nyumba kumi na wenye chukudu wakae pamoja, wapange kiasi cha mifuko, na kikipita, mwenye mali alipe kilichovunjika.

Katikati ya Goma tumesimamisha sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu. Ni heshima, sikatai. Lakini yule mama amerudi kwenye hema mikono mitupu, na watoto wanamngoja.