Mkwaruzo wa boti ukilipwa na nahodha, hatari inabebwa na abiria

Wakaaji wa kandokando ya ziwa Kivu, na ninyi wahami mnaovuka maji kutafuta chakula au jamaa, leo tuongee juu ya kitu kinachoonekana kidogo: mkwaruzo kwenye ubavu wa boti.

Asubuhi moja, kwenye bandari ndogo ya ziwa letu, nilikuta mwenye boti anagombana na nahodha wake, kijana wa miaka 20 na kitu. Boti ilikuwa ya fibra, bado mpya, na ubavuni palikuwa mstari mweupe wa urefu wa mkono. "Papa, huu niliukuta," kijana akasema. Mwenye boti hakutaka kusikia. Alikuwa ameisha uliza muuzaji, naye akamjibu kwamba garanti haihusu rangi. Basi akamkata kijana mshahara wa mwezi mzima. Sisi abiria tukanyamaza, tukapanda.

Muuzaji hakusema uongo. Kwa kawaida garanti ya boti mpya inahusu ubovu uliotoka kiwandani. Mikwaruzo, rangi iliyopauka kwa jua na alama za kugonga ukingo vinaachwa nje. Boti ya kubeba watu kwa malipo mara nyingi inapewa garanti fupi zaidi, ao hainayo kabisa. Na kwa boti za mbao zinazotengenezwa na mafundi wa hapa kwetu, mara nyingi hata karatasi hakuna. Garanti ni neno la fundi tu.

Sheria yetu ya mapatano, ile ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo wanasheria wetu wanaiita kitabu cha tatu cha sheria za raia, nayo inatenganisha mambo hayo. Muuzaji anajibu juu ya kasoro iliyofichika inayofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Hajibu juu ya kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe. Ukipokea boti jioni bila kuizunguka, umeipokea pamoja na mikwaruzo yake.

Muuzaji akiondoka, wanabaki wawili: mwenye boti na nahodha. Kifungu cha 258 cha sheria hiyo kinasema kwamba aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuirudisha. Tushike neno hilo: kosa. Bandari zetu nyingi hazina gati nzuri. Boti zinafungwa ubavu kwa ubavu, mawe ya volkano yako chini, wapakizi wanaburuta magunia na mabidoni, mitumbwi ya wavuvi inapita ikigusa. Boti inachakaa hapo kama vile soli ya kiatu inavyochakaa. Anayepata faida ya kila safari ndiye abebe gharama hiyo. Nahodha alipe pale kosa lake linapoonyeshwa wazi: alikuwa amelewa, ao alikimbiza boti usiku penye mawe bila taa.

Najua wenye boti watasema: tukiwaachilia vijana, hawatachunga mali yetu. Wana sababu, maana boti ni mali ya bei, na wengine waliinunua kwa deni. Lakini tuangalie kinachofuata. Kijana aliyekatwa mshahara kwa mstari wa rangi hatasema tena. Akigonga jiwe kesho, atatafuta kopo la rangi, apake usiku. Chini ya rangi ile huenda kuna mkwaruzo tu. Huenda pia kuna ubao uliopasuka, ao fibra iliyofunguka na kunywa maji polepole. Kwa macho huwezi kutofautisha. Atakayejua ni abiria, katikati ya ziwa.

Kila familia huku inakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilipozama karibu na Kituku, watu wakiangalia toka ukingoni. Siku ile kilichotajwa ni kupakia kupita kiasi, si ubavu wa boti. Naileta hapa kwa sababu moja: wengi walipita majini kwa kuwa vita ilikuwa imefunga barabara ya kwenda Goma. Mtu aliyefungiwa barabara hachagui boti. Basi angalau boti isimfiche kitu.

Mimi ninapendekeza mambo matatu. La kwanza, boti ikabidhiwe mchana. Alama zote ziandikwe kwenye karatasi, zipigwe picha kwa simu, na watie sahihi mwenye boti, nahodha na shahidi mmoja wa bandarini. La pili, nahodha akisema siku ileile kwamba boti imegonga, asilipishwe rangi. Alipishwe yule anayeficha. La tatu, pasipakwe rangi kabla fundi hajapima. Kwenye mbao anajaribu kwa ncha ya kisu kama ubao umelainika. Kwenye fibra anagonga polepole na kusikiliza, kwani mahali palipoachana ndani panatoa sauti nzito, tofauti na pengine.

Na ninyi mama na baba mnaopanda na watoto na magodoro: mkiona kipande kimoja cha ubavu kina rangi mbichi, ulizeni kilichogonga hapo. Mkiona maji yanachotwa ndani kabla boti haijaondoka, ngojeni ingine, hata kama mmekwisha kulipa.

Wenye boti wa Goma, Minova, Kalehe, Idjwi na Bukavu, rangi inanunuliwa dukani. Nahodha anayewaambia ukweli juu ya boti yenu hauzwi popote. Msimfundishe kunyamaza.