Sumu ya Konokono na Dawa ya Maumivu

Sisi wa Niemba tumezoea mto na reli iendayo Kalemie. Bahari twaisikia tu kwa habari. Walakini gamba moja la bahari lilifika katika nchi zetu zamani, kabla ya reli. Ni kile kisahani cheupe cha duara, kilichokatwa katika upande mpana wa konokono wa bahari mwenye umbo la pia. Watabwa walikiita mpande, na wakubwa wao walikivaa kuwa alama ya heshima. Mwaka 1854 Bwana Livingstone alipopita katika nchi ya mfalme Shinte, ambayo leo imo katika Zambia, aliandika kwamba magamba mawili ya namna hiyo yaliweza kununua mtumwa, na matano yalikuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu. Ole wetu! Mtu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, aliuzwa kwa magamba mawili.

Gamba lilitukuzwa hivyo, lakini mnyama aliyelijenga hakujulikana. Yeye huwinda kwa sumu. Ana jino lenye tundu ndani, mfano wa chusa cha mvuvi. Humchoma mnyama anayemwinda, naye hupooza mara. Mmoja wa jamaa hiyo, ambaye wataalamu humwita Conus geographus, anaishi hata katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na sumu yake yaweza kumwua mtu. Basi ninyi wanafunzi, mkijaliwa kuiona bahari ya Mombasa au Dar es Salaam, msiokote konokono wa namna hiyo akiwa hai, hata akiwa na madoa mazuri namna gani.

Je, kitu kiuacho chaweza kusaidia? Bwana Baldomero Olivera, mzaliwa wa Ufilipino, aliichunguza sumu hiyo katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Aliona kwamba si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa vitu vingi, kila kimoja na kazi yake. Yeye na wanafunzi wake wakaitenga sehemu sehemu, wakazijaribu moja moja kwa panya. Sehemu nyingine iliwalaza usingizi, nyingine iliwatetemesha. Mwaka 1979 Michael McIntosh, kijana aliyekuwa ametoka tu shule ya sekondari, aliingia katika kazi hiyo, naye ndiye aliyekitenga kitu kimoja cha ajabu kutoka kwa konokono Conus magus. Kimejengwa kwa asidi amino 25, zilizofuatana kama punje za rozari. Huziba milango midogo ambayo kwayo mishipa ya fahamu hupitisha habari ya maumivu katika uti wa mgongo. Baadaye wataalamu walijua kukitengeneza wenyewe pasipo kuua konokono, na mwezi wa Desemba 2004 serikali ya Marekani ilikiruhusu kuwa dawa, kwa jina la zikonotidi.

Hesabuni miaka hiyo: 25! Tena dawa hii hainywewi wala haipakwi. Daktari huitia polepole kwa mashine ndogo katika uti wa mgongo, kwa kipimo kidogo mno. Kipimo kikizidi, akili ya mgonjwa huvurugika. Kwa hiyo mtu akija sokoni na unga wa magamba, akidai kwamba huondoa maumivu yote, msimpe fedha zenu. Dawa haikutoka katika gamba. Ilitoka katika sumu, nayo haikuwa dawa mpaka ilipotengwa, ikapimwa na kujaribiwa.

Liko na jambo jingine. Katika nyumba za Wakristo husikika neno hili: mgonjwa avumilie, maumivu ni msalaba wake. Ni kweli, mateso yaliyounganishwa na ya Bwana wetu yana thamani. Lakini Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili, akiwajibu madaktari tarehe 24 Februari 1957, alifundisha kwamba ni halali kutuliza maumivu kwa dawa, pasipokuwa na njia nyingine, hata kama dawa hiyo yaweza kufupisha maisha, mradi nia isiwe kumwua mgonjwa.

Dawa ya konokono ni ya gharama kubwa, si ya vijijini. Lakini ziko nyingine. Huko Uganda daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha mwaka 1993 Hospice Africa, na wagonjwa wa kansa wakapata morfini ya kunywa nyumbani kwao, chini ya uangalizi wa wauguzi.

Basi, baba au mama yako akiugua usiku kucha kitandani, usimwambie tu avumilie. Mpeleke hospitalini, eleza panapouma na tangu lini, uliza dawa ya maumivu, na ukipewa shika kipimo. Kisha kaa karibu naye, mshike mkono, msali pamoja. Yule Msamaria mwema hakumhubiria mtu aliyejeruhiwa njiani. Alimtia mafuta na divai katika vidonda vyake.