Kikaacho na Kiendacho

Msomaji, itwae redio mbovu iliyo nyumbani kwenu, hakikisha kwanza kwamba plagi yake imeondolewa ukutani, kisha ifungue kwa bisibisi utazame ndani. Utaona bamba la rangi ya kijani au ya kahawia, ambalo mafundi huliita bodi, na juu yake vitu vidogo vingi vilivyolehemiwa. Kando ya kila kimoja pamechapwa, aghalabu kwa wino mweupe, herufi na tarakimu: R14, C3, Q2, U1. Hayo ndiyo majina yao. R ni rezista, C ni kapasita, Q ni transista, U ni chipu, F ni fyuzi, K ni relei. Juu ya majina hayo hapana ugomvi mkubwa. Ugomvi upo juu ya viunganishi, yaani zile soketi na pini ambamo waya huingia na kutoka. Na katika ugomvi huo mimi nina upande wangu, wala sitauficha. Nasema kwamba kiunganishi kikaacho juu ya bodi kiitwe J, na mwenzake aendaye pamoja na waya aitwe P, kila kimoja na namba yake; na mtu achaguaye majina mengine kwa kupenda kwake tu anamdhulumu fundi ambaye hatamwona kamwe.

Huenda ukacheka na kusema kwamba hili ni jambo dogo mno la kumtoa mwalimu jasho. Nami nilicheka zamani. Sikiliza yaliyonipata.

Chuo cha ualimu ninachofundisha kina tangi la maji lililo juu, na pampu iliyo chini. Miaka michache iliyopita nilichora bodi ya kuiendesha pampu ile, ili iwake tangi linapopungua na kuzimika linapojaa. Bodi hiyo ilikuwa na viunganishi vitatu vya skrubu, vyote vya umbo moja, na kila kimoja kina matundu matatu. Kimoja kilikuwa cha umeme wa volti 240 wendao kwenye pampu. Kimoja kilipokea volti 12 za kuiendesha bodi yenyewe. Kimoja kilipokea waya mwembamba wa kipimo cha maji, ambao huishia kwenye chipu isiyostahimili zaidi ya volti 5. Nilikuwa na haraka, na haraka haina baraka. Cha kwanza nikakiita P, kwa kuwa ni cha pampu. Cha pili nikakiita P2, kwa kuwa niliona ni kama plagi ya pili. Cha tatu nikakiandika TANGI, na jina hilo likaangukia chini ya kiunganishi chenyewe, hata kilipolehemiwa halikuonekana tena mpaka leo.

Bodi ikafanya kazi vema miaka miwili. Kisha sanduku lake likashika kutu, mtunza majengo akalibadili, na katika kulibadili akang'oa waya zote. Mchoro wangu ulikuwa umekwisha kupotea. Nikaitia bodi mfukoni nikaenda nayo Ngara, kwa mzee mmoja mwenye kibanda ambamo redio zilizofunguliwa zimepangwa mpaka darini. Akaipindua bodi mara mbili akauliza, "Mwalimu, stima inaingia wapi hapa?"

Nikamwambia, "Mzee, nadhani ni hapa."

Akaweka bisibisi chini. "Kwa volti 240 mimi sifanyi kazi ya nadhani. Kamlete aliyechora."

"Ni mimi niliyechora, Mzee."

Akanitazama kitambo, kisha akaendelea kuifunga redio ya mtu mwingine. Hakunidai hata senti moja.

Laiti ningalimfuata! Nilirudi chuoni nikabahatisha mwenyewe. Namshukuru Mungu kwamba sikukosea pale pa volti 240, maana nisingekuwa na mkono wa kuandikia maneno haya. Nilikosea pa volti 12: nilizitia mahali pa kipimo cha maji, na chipu ikafa kabla sijanusa moshi. Siku tano wanafunzi walipandisha maji mabwenini kwa mitungi, wakiwamo wale waliokuwa na mtihani wa kufundisha asubuhi. Hapana aliyenilaumu, maana hapana aliyejua kwamba yote hayo yalitokana na herufi mbili nilizozichagua kwa uvivu.

Sasa tuulize: kwa nini J na P, na si herufi nyingine? Asili yake ni mitambo ya simu ya karne ya 19 huko Marekani. Mpiga simu aliomba kuunganishwa, naye mhudumu wa simu akatwaa kamba yenye kichwa cha shaba akaichomeka katika tundu moja kati ya matundu mengi yaliyo mbele yake. Matundu yale yalikaa palepale. Kamba ndiyo iliyokwenda huku na huku. Tundu likaitwa "jack", na kichwa cha kamba kikaitwa "plug". Herufi zetu mbili zimetoka hapo. (J hii haihusiani na jeki tuinuliayo gari, ingawa kwa Kiingereza neno ni lilo hilo.) Baadaye wahandisi wa Marekani waliiandika kanuni katika vitabu vyao, kama vile IEEE 315 ya mwaka 1975 na ASME Y14.44 ya mwaka 2008, wakasema waziwazi: katika viunganishi viwili vishikanavyo, kile kilichotulia zaidi ni J, na kile kiwezacho kuhamishwa ni P.

Tazama, basi, kwamba kanuni haikutaja dume wala jike. Hapa ndipo wengi hupotea, na miongoni mwao wamo walimu wa kazi za umeme. Husema kwamba J ni jike, kile chenye matundu, na P ni dume, kile chenye pini. Kwa simu za kale maneno hayo yalipatana na ukweli kwa bahati, lakini leo hayapatani. Bodi nyingi za siku hizi zimesimamishwa safu ya pini, na waya ndio uletao matundu. Kwa hesabu ya dume na jike, pini hizo zingeitwa P ingawa zimelehemiwa hapo wala haziendi popote. Tena itazame ile soketi ya mviringo ya kuingizia umeme wa chaja. Nje ni tundu. Ndani ya tundu mna pini. Je, ni dume au ni jike? Mafundi wawili wanaweza kubishana juu yake mpaka jua lizame, kila mmoja na hoja yake. Lakini waulize kipi kimekaa kwenye bodi na kipi kinakwenda na waya, nao watakujibu kwa kauli moja kabla hujamaliza swali. Jina zuri ni lile ambalo watu wawili wasiojuana hulifikia bila ya kukutana.

Wapo wapinzani wengine, na hawa nawaheshimu zaidi, kwa kuwa hoja yao hutoka moyoni. Husema: "Kwa nini tuchape herufi za kigeni juu ya bodi zetu? Sisi tuna lugha yetu. Tuandike U kwa umeme, T kwa tangi, K kwa kengele." Kiswahili ni kazi yangu na mapenzi yangu, wala sikubali mtu kunipita kwa kukipenda, lakini hoja hii ina ufa. Ukiandika U1 mahali pa umeme, fundi atatafuta chipu. Ukiandika T1 mahali pa tangi, atatafuta transfoma. Ukiandika K1 mahali pa kengele, atadhani umemwonyesha relei. Herufi hizo zimekwisha kushikwa na wengine, na si haki kuwapa watu wawili wa nyumba moja jina moja. J juu ya bodi si neno la Kiingereza, kama vile tarakimu 7 si neno la Kiarabu. Ni alama tu. Kiswahili nacho kina mahali pake, tena pa heshima: kando ya J1 andika kwa ukamilifu UMEME 12V, kando ya J2 andika KIPIMO CHA MAJI. Maneno hayo ni ya mtumiaji, ajue kiunganishi ni cha nini. Alama ni ya fundi, ajue ni kipi hasa kati ya vyote, katika mchoro, katika orodha ya vipuri, na katika mazungumzo ya simu na aliyechora. Kazi ya kiunganishi yaweza kubadilika. Kile cha tangi mwaka huu chaweza kuwa cha kengele mwakani. Alama hukaa.

Wakazi wa Ngara wanajua habari ya majina kubadilika. Barabara iliyoitwa Fort Hall ikawa ya Murang'a, na ile ya Forest ikapewa mwaka 2016 jina la Profesa Wangari Maathai, kwa haki kabisa. Hata hivyo wengi wangali wakiiita Forest. Mgeni akipotea hapo, yuko mtu wa kumwuliza njiani. Lakini bodi iliyofunguliwa juu ya meza ya fundi, miaka kumi baada ya kutengenezwa, haina mpita njia wa kuulizwa.

Sitakuficha kwamba dunia haina kauli moja. Kwa kanuni ya kimataifa ya IEC 81346 viunganishi huitwa X, na katika vyombo vingi vitokavyo Japani utasoma CN. Ukienda kufanya kazi katika karakana ifuatayo X, andika X wala usilete fujo. Mimi naichagua J na P kwa sababu hutuambia jambo ambalo X hainyanyui mdomo kulisema: upande gani hukaa na upande gani huenda. Na kwa mafundi wengi X ni jina la kioo cha kutoa mapigo ya saa, basi kuna kukanganya. Nisichoweza kukisamehe ni bodi moja yenye J1, CN2, X3 na CON4, kana kwamba iliandikwa na watu wanne waliogombana.

Nawe utakapochora bodi yako ya kwanza, pengine kwa maonyesho ya sayansi ya shule, fanya hivi. Hesabu J zako kwa mpango, tuseme kutoka kushoto kwenda kulia, ili mwenye kuitafuta J5 asizunguke bodi nzima. Chapa alama mahali ambapo itaonekana hata kiunganishi kikiwa kimelehemiwa na waya umechomekwa. Tia alama kwenye pini ya kwanza, ili J2-3 iwe na maana moja tu. Waya wa kuunganisha nao upewe jina lake, W1, na ncha zake ziwe W1P1 na W1P2, zimeandikwa kwenye kijikaratasi kilichofungwa kwenye waya wenyewe. Na ikiwezekana, P1 iingie J1, P2 iingie J2. Na ukiondoa kiunganishi kimoja katika toleo la pili, iache namba yake ife nacho. Usimpe mwingine.

Bodi ya pili ya pampu niliichora hivyo. Relei yake ilipochoka nikaipeleka Ngara kwa mzee yule yule, sikusema neno. Akaipindua, akafuata maandishi kwa ncha ya bisibisi: J1, J2, J4. Akainua macho.

"Mwalimu, J3 iko wapi?"

"Nilikiondoa, Mzee. Namba yake nikaiacha."

Akatwaa kalamu, akaandika ndani ya kifuniko cha sanduku "J3 hakuna", akawasha chuma cha kulehemia.