Kodi ya bunduki fupi imefutwa Marekani: Arusha inaingiaje hapo?

Tangu Januari 1, 2026, Mmarekani anayesajili bunduki ya mtutu mfupi halipi tena kodi ya dola 200 iliyokuwepo tangu mwaka 1934. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeishusha hadi dola sifuri, na vipunguza sauti navyo vimo. Usajili bado upo, ila ile bei ya kukatisha tamaa imeondoka. Kwao rifle ni fupi ikiwa mtutu wake haufiki inchi 16, yaani kama sentimita 40.

Kwa Arusha hii si habari ya mbali. Kampuni nyingi za uwindaji wa kitalii zina ofisi hapa mjini, na Wamarekani ndio wateja wao wakubwa. Wengi hushuka KIA na bunduki zao wenyewe kwa kibali cha muda. Msimu hufunguliwa Julai 1, kwa hiyo fasheni ya kule haichelewi kupanda Land Cruiser za huku.

Mtu akishanunua rifle fupi, kinachofuata ni kishikio cha mbele, ile sehemu iliyo chini ya mtutu ambapo mkono wa kushoto unashika. Wengi wanataka kirefu. Sababu ipo: kishikio kifupi kinaurudisha mkono karibu na kifua, na mdomo wa bunduki unaanza kucheza. Kirefu kinausogeza mkono mbele na bunduki inatulia. Pia kinakinga vidole, maana mtutu unachemka baada ya risasi chache tu za harakaharaka.

Shida inaanza kikizidi. Kwenye mtutu mfupi, kila sentimita unayoongeza inapeleka vidole karibu na mdomo, na pale hutoka gesi ya moto yenye nguvu kubwa. Mkono ukiteleza kidogo tu wakati wa papara, bwana, hilo si jeraha la plasta. Ndiyo maana kishikio kizuri huishia nyuma ya mdomo na huwa na kizuizi mbele cha kusimamisha mkono. Kitu kingine ambacho wanunuzi wengi hawakiangalii: kishikio kisiuguse mtutu. Kikiugusa, risasi inabadili njia. Mbao ndiyo inayosumbua zaidi, kwa sababu iliyokaa sawa kwenye ukame wa Longido inaweza kuvimba kwenye unyevu wa miteremko ya Meru na kuanza kuubana mtutu.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya fasheni hii inagonga ukuta hapa nchini. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda kwa silaha inayojipakia yenyewe zaidi ya mara moja bila mpigaji kufanya kitu. Rifle za aina ya AR, ambazo Wamarekani huzibadilisha vishikio kama sisi tunavyobadilisha kava za simu, zinaangukia humo. Kinachobaki ni rifle ya kukoki kwa mkono, na kwa wanyama wakubwa kama nyati na tembo kiwango cha chini ni kaliba ya .375.

Hapo ndipo ufupi unapouma. Kwa makadirio ya kawaida, risasi hupoteza mita 6 hadi 9 kwa sekunde kwa kila inchi ya mtutu iliyokatwa. Ukitoka inchi 24 hadi 16 umepoteza kama mita 50 hadi 70 kwa sekunde, na hakuna kishikio kinachozirudisha. Ukweli ni kwamba kwenye kichaka kizito bunduki fupi ni raha, haikwami kwenye matawi. Anayeujua msitu wa chini ya Miriakamba, ambako wapanda Meru husindikizwa na askari mwenye silaha kwa sababu ya nyati na tembo, anaelewa. Lakini nyati aliyejeruhiwa hamfuati Mmarekani hadi hotelini. Anayetangulia kumfuatilia kichakani ni msoma nyayo na mwindaji bingwa wa kampuni.

Na macho ya dunia yapo. Tangu madume ya tembo wa Amboseli yalipopigwa risasi upande wa Enduimet, Longido, kati ya 2023 na 2024, wahifadhi wa Kenya hawajaacha kulalamika. Mnyama mmoja aliyejeruhiwa ovyo na mteja mwenye rifle mpya asiyoizoea anatosha kuwasha moto mwingine.

Kanuni zinataja kaliba. Vishikio vimebaki kwa mteja na kampuni yake. Kambi nyingi humpa mgeni nafasi ya kulenga shabaha siku ya kwanza, kabla ya kuingia porini. Kampuni inayotaka kukwepa balaa Julai hii ingeanza mapema zaidi: imwombe mteja urefu wa mtutu na picha ya kishikio pamoja na nakala ya pasipoti, bado akiwa Texas.